Kinu cha nyuklia cha Kenya: bei, mkopo na mdhibiti (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Maswali mengi hapa yametoka kwa Wakenya, machache kwa majirani wa Tanzania na Uganda ambao ziwa ni lao pia. Hesabu za dola ni za kukadiria, na pale ambapo hesabu ni yangu mwenyewe nimesema hivyo.

Kenya inajenga kinu cha nyuklia, au bado ni maneno?

Bado hakuna zege lililomwagwa. Kilichopo ni taasisi, sheria na eneo linalochunguzwa. Kamati ya kwanza iliundwa 2010, ikawa Bodi ya Umeme wa Nyuklia 2012, kisha Sheria ya Nishati ya 2019 ikaigeuza kuwa Wakala wa Nishati ya Nyuklia, NuPEA. Wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki (IAEA) walikuja kupima maandalizi mwaka 2015 wakarudi 2021.

Eneo lililotajwa kwanza lilikuwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, jirani na hifadhi ya bahari ya Watamu na msitu wa Arabuko Sokoke. Wakazi, wavuvi na wenye mahoteli walikataa, na mwaka 2024 maandamano yalikabiliwa na polisi. Mwaka 2025 mazungumzo yakahamia Siaya, kandokando ya Ziwa Victoria. Mpango unaotajwa ni megawati 1,000, umeme uwe umeanza kupatikana 2034.

Tarehe hiyo mimi siiamini. Barakah, kituo cha Falme za Kiarabu ambacho kila mtu hukitolea mfano wa kazi iliyokwenda vizuri, kilimwagwa zege la kwanza Julai 2012, na kinu chake cha kwanza kikaanza biashara Aprili 2021. Karibu miaka tisa, na wale fedha walikuwa nazo. Sisi hata mkandarasi hatujamchagua.

Inasemekana kitagharimu shilingi bilioni 500. Zinatosha?

Kwa maoni yangu, hapana. Bilioni 500 ni kama dola bilioni 3.9, yaani dola 3,900 kwa kila kilowati. Linganisha na bei za miradi iliyouzwa nje ya nchi miaka ya karibuni. Rooppur, Bangladesh, ni megawati 2,400 kwa dola bilioni 12.65: takriban dola 5,300 kwa kilowati, na hiyo ni bei ya kwenye mkataba. El Dabaa, Misri, ni megawati 4,800 kwa dola bilioni 30 hivi, karibu dola 6,250. Barakah ilianza na mkataba wa dola bilioni 20 mwaka 2009, na makadirio ya baadaye yanafika bilioni 32 kwa megawati 5,600.

Tena wote hao walinunua vinu viwili au vinne kwa mpigo. Anayenunua kimoja hulipia barabara, gati, kambi ya wafanyakazi, mafunzo na leseni, na gharama hizo hana kinu cha pili cha kugawana nazo. Kwa hiyo nikisikia bilioni 500 huuliza swali moja tu: riba imo humo au haimo?

Riba ina uzito kiasi hicho?

Riba ndiyo habari yenyewe. Kituo cha nyuklia hula pesa kwa miaka mingi kabla ya kuuza uniti moja (kilowati-saa moja), na muda wote huo mkopo unaongezeka. Hesabu yangu: chukua mtambo wa dola bilioni 5, fedha zitumike kwa mafungu sawa kila mwaka.

Ukijengwa kwa miaka 6 kwa riba ya asilimia 3, riba ya wakati wa ujenzi ni kama nusu bilioni. Kwa asilimia 9, miaka ileile 6, ni bilioni 1.5. Ujenzi ukivutwa hadi miaka 10 kwa asilimia 9, ni bilioni 2.9. Mtambo haukuongezwa hata msumari, lakini deni limekwenda karibu bilioni 8.

Ndiyo maana ninasema mjadala wa teknolojia ya Mrusi, Mchina, Mkorea au Mmarekani unatupotezea muda. Tuanze na riba ni ngapi, na mradi ukichelewa nani anabeba kuchelewa huko.

Basi uniti moja itakuwa bei gani?

Tuendelee na mtambo huohuo. Megawati 1,000 zikifanya kazi asilimia 90 ya mwaka hutoa karibu uniti bilioni 7.9. Deni likilipwa kwa miaka 30, sehemu ya mkopo peke yake ni takriban senti 3.5 za dola kwa uniti kwa riba ya asilimia 3, na senti 8 kwa asilimia 9. Ukichelewa hadi miaka 10, karibu senti 9.8. Bado hujalipa mafuta ya nyuklia, wafanyakazi, matengenezo, bima, akiba ya kuja kuubomoa mtambo, wala nyaya za kuutoa umeme Siaya.

Kisha kuna hili ambalo halisemwi kwenye semina za hotelini. Umeme wote unaoingia gridi ya Kenya kwa mwaka ni kama uniti bilioni 14. Kituo kimoja kitoe zaidi ya nusu ya hizo? Matumizi yasipokua haraka, kinu kitalazimika kupunguzwa, na deni halipungui. Kikifanya kazi asilimia 60 ya mwaka badala ya 90, zile senti 8 zinakuwa 12.

Walio na kumbukumbu watakumbuka upepo wa Turkana. Mitambo ya megawati 310 ilikuwa tayari 2017, nyaya za kutoka Loiyangalani hadi Suswa zikakamilika 2018 baada ya mkandarasi wa Kihispania kufilisika. Mwenye mitambo alistahili kulipwa kwa umeme ambao hakuna aliyeutumia, kwa sababu mkataba ulisema hivyo. Ule ulikuwa mradi wa megawati 310.

Kwa nini miradi hii hupitiliza bajeti hata kwa nchi tajiri?

Sababu inayojirudia ni kuanza kujenga kabla michoro haijakamilika, kwa mafundi ambao hawajawahi kujenga kitu kama hicho au waliojenga mara ya mwisho ujanani.

Vogtle, jimbo la Georgia, Marekani: vinu viwili vilivyokadiriwa dola bilioni 14 na kuahidiwa 2016 na 2017. Westinghouse, mwenye teknolojia, aliomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika Machi 2017. Kinu cha kwanza kilianza Julai 2023, cha pili Aprili 2024, na gharama zikapita bilioni 35. Wateja wa Georgia walikuwa wanachangia riba kwenye bili zao tangu ujenzi ukiwa mashimo, kwa sababu sheria ya jimbo iliruhusu.

Flamanville, Ufaransa, nchi inayopata sehemu kubwa ya umeme wake kwa nyuklia: ujenzi ulianza 2007 kwa yuro bilioni 3.3, kinu kikaunganishwa na gridi Desemba 2024. Kulikuwa na matatizo ya zege, ya chuma na ya uchomeleaji wa mabomba. Olkiluoto 3 ya Finland ilianza 2005 na kumaliza 2023, na huko angalau bei ilikuwa imefungwa kwenye mkataba, hivyo hasara kubwa ilimwangukia muuzaji. Muuzaji hakurudia kuuza kwa masharti hayo.

China na Korea hujenga kwa haraka na kwa bei ya chini nyumbani kwao kwa sababu hurudia mchoro uleule, mafundi walewale, kinu baada ya kinu. Faida hiyo haipakiwi kwenye meli ikaja yote Kisumu.

Nani atatoa pesa?

Kuna njia tatu kuu.

Ya kwanza ni mkopo wa nchi inayouza. Misri ilichukua kwa Urusi mkopo wa dola bilioni 25 kwa riba ya asilimia 3, unaogharamia asilimia 85 ya El Dabaa. Bangladesh walifanya vilevile kwa asilimia 90 ya Rooppur. Riba ni nafuu, lakini benki, mkandarasi na muuza mafuta wote ni nyumba moja, na vikwazo dhidi ya Urusi vilipokuja Bangladesh ilijikuta ina malipo isiyojua ayapitishie wapi.

Ya pili ni ya Uturuki kule Akkuyu: Rosatom, shirika la nyuklia la serikali ya Urusi, inajenga, inamiliki na kuendesha. Uturuki ilijifunga kununua sehemu ya umeme kwa senti 12.35 za dola kwa uniti kwa miaka 15. Hazina haikopi, ila mteja anafungwa kwa dola. Mkenya anayejua shilingi ilivyoyumba 2023 na mapema 2024 anajua maana ya bili iliyofungwa kwa dola.

Ya tatu ni serikali kuweka fedha zake, kama Abu Dhabi walivyofanya Barakah kwa sehemu kubwa. Hiyo tuiruke.

Jambo jipya ni kwamba Juni 2025 Benki ya Dunia iliondoa katazo lake la kugharamia nyuklia. Mara ya mwisho ilikopesha mradi wa aina hiyo mwaka 1959, huko Italia. Hata hivyo benki hiyo imezungumzia zaidi kuongeza umri wa vinu vilivyopo na kusaidia vinu vidogo, kwa hiyo nisingeandika jina lake kwenye bajeti.

Tukishaingia, tunaweza kutoka?

Unaweza, ila deni linabaki. Ufilipino walijenga kituo cha Bataan, megawati 621, wakati wa Rais Marcos. Kilikamilika katikati ya miaka ya 1980 kwa zaidi ya dola bilioni 2. Marcos akaangushwa, kinu cha Chernobyl kikalipuka, serikali mpya ikakataa kukiwasha. Hakijawahi kutoa umeme hata wa kuwasha balbu. Deni lake lilimalizwa kulipwa 2007.

South Carolina, Marekani, vinu viwili vya V.C. Summer viliachwa nusu Julai 2017 baada ya kula dola bilioni 9. Wateja waliendelea kulipa, na mkurugenzi mkuu wa kampuni alifungwa jela kwa kuficha ukweli.

Njia nzuri zaidi ya kutoka ilikuwa ya Afrika Kusini, kwa sababu walitoka kabla ya kuingia. Serikali ya Zuma ilisaini na Urusi mwaka 2014 makubaliano yaliyohusu megawati 9,600. Makoma Lekalakala na Liz McDaid, kupitia mashirika yao mawili ya kiraia, walikwenda Mahakama Kuu ya Western Cape. Tarehe 26 Aprili 2017 mahakama ilifuta makubaliano hayo: hayakupitishwa bungeni inavyotakiwa, na uamuzi wa kununua ulifanyika bila kusikiliza umma. Mahakama haikusema nyuklia ni mbaya. Koeberg, kituo pekee cha nyuklia kinachotoa umeme barani kwa sasa, kiliendelea na kazi, na mwaka 2024 kinu chake cha kwanza kiliongezewa leseni hadi 2044.

Mdhibiti wa Kenya ni nani, na ana meno?

Ni Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, KNRA, iliyoundwa kwa sheria ya 2019. Ilirithi kazi ya Bodi ya Kinga dhidi ya Mionzi, ambayo ilizoea kukagua mashine za eksirei hospitalini na vyanzo vya mionzi viwandani. Kukagua kinu cha umeme ni kazi nyingine kabisa.

Kwenye karatasi mpangilio ni sahihi: NuPEA inatangaza na kuendeleza mradi, KNRA inatoa leseni au kuinyima. Japani hawakuwa hivyo kabla ya Fukushima. Mkaguzi wao aliishi ndani ya wizara ileile iliyokuwa na kazi ya kukuza nyuklia, na ni baada ya maafa ya 2011 ndipo walipounda mamlaka huru, Septemba 2012.

Meno ya mdhibiti hupimwa siku anapolazimika kusema hapana wakati rais anasubiri kukata utepe. Falme za Kiarabu walipita mtihani huo. Kinu cha kwanza cha Barakah kilitakiwa kuanza 2017. Jengo lilikuwa karibu tayari, lakini waendeshaji hawakuwa wameiva, na mdhibiti, FANR, hakutoa leseni ya kuendesha hadi Februari 2020. Kila mwezi wa kusubiri ulikuwa na riba yake, na walisubiri.

KNRA ikiwa inategemea wizara kwa mishahara, na wahandisi wake wakichukuliwa na NuPEA kwa malipo mazuri zaidi, sioni itakavyosimama hivyo. Bajeti ya mdhibiti ingepaswa kuwa swali la kwanza la Bunge.

Si masharti ya usalama ndiyo yanayofanya nyuklia iwe ghali?

Kwa sehemu, ndiyo. Baada ya ajali ya Three Mile Island mwaka 1979, vinu vingi vya Marekani vilivyokuwa njiani vilibadilishiwa masharti katikati ya ujenzi, na kubomoa ukuta uliokwisha kujengwa ni gharama kubwa kuliko kuujenga. NuScale, kampuni ya vinu vidogo, ilisema ilitumia zaidi ya dola milioni 500 kuutayarisha mchoro wake na kuupitisha kwa mdhibiti wa Marekani.

Lakini Vogtle haikukwama kwa sababu ya mkaguzi mkorofi, na mabomba ya Flamanville yalichomelewa vibaya kweli. Korea, wanaosifiwa kwa bei nafuu, waligundua kati ya 2012 na 2013 kwamba nyaya za vinu vyao zilikuwa na vyeti vya kughushi, wakalazimika kusimamisha vinu na kubadilisha nyaya. Kinachoumiza ni masharti yanayogeuka njiani. Masharti makali yanayojulikana tangu siku ya zabuni huwekwa kwenye bei, mambo yakaendelea.

Gridi yetu inaweza kubeba megawati 1,000?

Kwa leo, haiwezi. Kanuni ya kawaida ni kwamba kinu kimoja kisizidi asilimia 10 ya gridi, kwa sababu siku kikizima ghafla lazima wengine wajaze pengo kwa sekunde. Mahitaji ya juu kabisa ya Kenya mwaka 2025 yalipita megawati 2,300, na usiku wa manane hushuka sana. Kinu cha 1,000 ni zaidi ya asilimia 40.

Agosti 2023 nchi nzima ililala gizani. Kenya Power ilitaja kupotea kwa umeme wa Turkana. Wenye kituo wakajibu kwamba hitilafu ilianzia kwenye gridi. Yeyote aliyekuwa sahihi, tulichokuwa tunabishania ni chini ya theluthi moja ya kinu hiki. Nyaya za kuunganisha Kenya na Ethiopia na Tanzania zinasaidia kuikuza gridi, na hizo zina thamani hata nyuklia isipokuja.

Vinu vidogo si jibu?

Kwa gridi ndogo vinafaa zaidi, bei ndiyo haijakubali. Mradi wa NuScale kwa miji ya magharibi mwa Marekani, megawati 462, ulipandisha makadirio ya umeme wake kutoka dola 58 hadi 89 kwa megawati-saa, kisha ukafutwa Novemba 2023. Ontario, Kanada, waliidhinisha Mei 2025 vinu vinne vya megawati 300 kwa dola za Kanada bilioni 20.9. Nchi yenye uzoefu wa nyuklia wa miongo mingi inalipa hivyo. Sisi tungoje tuone chao cha kwanza kinaishia bei gani. Kungoja hakuna riba.

Ajali ikitokea nani analipa?

Kanuni ya kimataifa, chini ya Mkataba wa Vienna, humbebesha mwendeshaji dhima yote hata kama kosa si lake, hadi kiwango kilichowekwa na sheria. Aliyeuza mtambo hukaa pembeni. India ilijaribu kumrudishia muuzaji sehemu ya mzigo kwa sheria ya 2010, na kwa miaka mingi makampuni ya Magharibi yalikataa kujenga huko. Mwendeshaji akiwa shirika la serikali, basi mlipaji ni wewe.

Na taka?

Kinu cha megawati 1,000 hutoa tani 20 hivi za mafuta yaliyotumika kwa mwaka. Si nyingi kwa ujazo, ila hukaa na sumu kwa maelfu ya miaka. Urusi ilikubali kuyarudisha kwao mafuta ya Rooppur, na sharti la namna hiyo ningelitaka kwenye mkataba wowote.

Ziwa Victoria ni la nchi tatu. Tanzania na Uganda wana sauti?

Wanayo. Itifaki ya maendeleo endelevu ya Bonde la Ziwa Victoria ilisainiwa Arusha Novemba 2003, na inataka nchi wanachama zishirikishane tathmini za miradi inayoweza kugusa ziwa. Mvuvi wa Musoma au Jinja ana haki ya kuuliza maji ya kupoza kinu yatarudi ziwani yakiwa na joto gani. Uganda nayo inapanga kituo chake Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, kwa hiyo siku moja swali litaulizwa upande wa pili.

Tanzania ina urani. Mbona haijengi?

Urani ya Mto Mkuju, Namtumbo, iko mikononi mwa kampuni tanzu ya Rosatom, na kuwa na madini hakupunguzi bei ya kinu: mafuta ni sehemu ndogo ya gharama, na kuyarutubisha, yaani kuichakata urani hadi iweze kutumika kinuni, kunafanyika nchi chache tu. Tanzania iliweka fedha Bwawa la Julius Nyerere, megawati 2,115 kwa takriban shilingi za Tanzania trilioni 6.5, kama dola 1,400 kwa kilowati. Mvua ikikataa hesabu hubadilika, lakini mitambo yake tisa iliingia mmoja mmoja, na gridi ikapata nafasi ya kuizoea.

Nikiwa na pingamizi naanzia wapi?

Ripoti ya tathmini ya mazingira ikiwasilishwa, NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, hutangaza na kupokea maoni kwa maandishi. Leseni ikitolewa, kuna siku 60 za kukata rufaa kwenye Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira, ile tribunali. Wakazi wa Lamu walipita njia hiyo dhidi ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, na Juni 2019 leseni ikafutwa kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Weka nakala ya barua yako yenye muhuri wa kupokelewa.